Pumzi Nzima

Asubuhi hiyo Msimamizi alitupa yai juu ya meza ya Bi Mpole, likabingirika hadi likamgonga kiganjani. Halikuwa yai la kuku. Lilikuwa kifaa cha mpira kinachovimba na kunywea polepole mkononi, ili mtu aliyebanwa na hofu apumue nacho mpaka moyo utulie. Kazi ya wanawake sita wa chumba cha upimaji ilikuwa kushika kila yai, kuvuta pumzi moja nalo na kuitoa, kisha kuligonga muhuri.

Hili lilikuwa limerudishwa na barua ya baba mmoja. Binti yake alishikwa na hofu kabla ya mtihani, akalishika yai lake. Yai likavimba na kunywea mbiombio, naye akalifuata kama alivyofundishwa, mpaka akazirai na kupasuka paji la uso. Chini ya yai palikuwa na muhuri namba nne, na namba nne ni Bi Mpole.

Msimamizi alimsogezea karatasi. "Andika kwamba ulilipima pumzi nzima, tuseme binti alilidondosha. Usipoandika, huo ni uzembe wako, na wazembe nawafukuza."

Uzembe! Damu ilimchemka Bi Mpole. Pumzi nzima inataka sekunde kumi, na ni mtu huyuhuyu aliyebandika ukutani tangazo la sekunde tatu. Tangu hapo yai likitikisika tu, linagongwa muhuri, basi. Tangu hapo pia yeye mwenyewe alibanwa kifua kila zamu ilipoanza, na alipolalamika aliambiwa achague yai moja akapumue nalo chooni. Mwenye nguvu mpishe, wanasema. Miaka minane amempisha, na njia bado haijamtosha!

Lakini kilichomuunguza zaidi ni kwamba hakusingiziwa. Sekunde tatu zilikuwa za Msimamizi. Mkono uliogonga ulikuwa wake. Alijichukia, akamchukia Msimamizi maradufu.

Namba tano, jirani yake wa mezani, alimnong'oneza asaini yaishe, funika kombe mwanaharamu apite. Bi Mpole akachukua kalamu, akaandika kwa herufi kubwa: SIKULIPIMA. NILIPEWA SEKUNDE TATU. Akaweka jina lake chini.

Kisha akachukua yai jipya sandukuni, akavuta pumzi nalo taratibu, akaitoa. Lilikuwa zima. Akagonga muhuri. La pili pia lilikuwa zima. Msimamizi alifoka kwamba kazi inalala, kwamba kesho asikanyage pale. Bi Mpole alimalizia kutoa pumzi yake. Pembeni yake namba tano aliguna, akaacha kuharakisha, akafumba macho na yai lake mkononi.

La tatu lilikimbia. Lilivimba na kunywea mbiombio kiganjani mwa Bi Mpole kama kifaranga aliyekamatwa, na muhuri ulikuwa umebaki inchi moja tu kuligusa. Alifikiria masanduku yote yaliyokwisha kuondoka na mayai ya sekunde tatu. Akasimama. Akaushika mkono wa Msimamizi, akaufungua vidole, akaliweka yai ndani na kuvifunga tena.

"Pumua nalo," alisema. "Lifuate. Usiliache."

Msimamizi aliangalia huku na huku. Wanawake wote sita walikuwa wameacha kazi, wakimngoja avute.