Kengele ya Kifo cha Mfalme

Thurstani wa Wetherdale hakuwa mtu wa fujo. Kuku wa jirani wakivamia kabichi zake, yeye ndiye aliyewaomba radhi kuku. Lakini jirani huyo, Osgodi, alipomchukulia maksai wake wa kulimia, eti kazaliwa upande wake wa kijito, Thurstani alikosa usingizi. Mkewe Godeleva, ambaye ulimi wake ungeweza kunyoa kondoo, hakumpa nafasi ya kusahau.

Enzi hizo amani ya nchi ilikuwa ya mfalme mwenyewe, kama kofia yake. Aliyeiba au kuchoma alikuwa amemkosea mfalme, na jibu la mfalme lilikuwa kamba. Ila mfalme akifa, amani yake nayo imekufa, na mpaka mwingine avikwe taji hakuna wa kukushtaki. Hilo Wetherdale walilijua vizuri. Tangu mfalme aanze kuugua, watu walikuwa wakinoa mashoka huku wakimwombea afya.

Basi asubuhi moja kengele za monasteri zikalia, taratibu, bila kukoma. Thurstani hakungoja hata kuvaa kiatu cha pili. Alivunja ua wa Osgodi, akamtoa maksai wake, na kwa kuwa hasira iliyolala muda mrefu ikiamka haijui pa kusimama, akatia moto ghala la shayiri. Moshi ulipanda hadi mbayuwayu wa wilaya nzima wakahama kabla ya msimu wao.

Akarudi akimkokota maksai, anaimba. Godeleva alikuwa mlangoni, kiatu mkononi.

"Kafa nani?" akamuuliza.

"Mfalme, mke wangu. Hukusikia kengele?"

"Nimesikia. Kafa mkuu wa monasteri, kapaliwa na mwiba wa samaki. Mfalme wako hajambo, jana kamaliza nguruwe mzima."

Thurstani akakaa palepale, matopeni.

Liwali alimfungulia shtaka, akamwambia asitoke kijijini mpaka majaji wa mfalme wapite wakati wa mavuno. Osgodi hakumgusa, hakuwa na haja. Alikuwa akipita tu nje ya ua na kumuuliza kwa upole shingo yake ina unene gani, maana mnyongaji ni rafiki yake na hapendi kupoteza kamba.

Thurstani akawa hapitwi na msafiri bila kumuuliza habari za mfalme. Akiambiwa mfalme anakohoa, alikula vizuri siku hiyo. Akiambiwa mfalme kaonekana akiwinda, uji ulimkwama kooni. Kanisani wenzake walipomwombea mfalme maisha marefu, yeye alichezesha midomo tu, huku jasho likimtoka, kwani kumtakia mfalme kifo nako kulikuwa na kamba yake.

Majaji walikuwa wamekwisha kufika kijiji cha pili kengele zilipolia tena. Safari hii Thurstani alimngoja padri mwenyewe atoke atangaze. Ni mfalme. Akarudi mbio, akamkumbatia maksai shingoni na kulia kama mtoto.

"Nimepona, mke wangu. Shtaka limekwenda naye kaburini."

 Godeleva alikuwa anatazama kijitoni. Osgodi alikuwa anavuka na wanawe, mashoka mabegani, bila haraka yoyote, kama watu waendao kuvuna.

"Vaa viatu," Godeleva akasema. "Leo vyote viwili."