Joto Limo

Jumamosi asubuhi, bahari imelala juu ya viatu vyetu. Imekauka, imekuwa unga mweupe, imechora mstari kukizunguka kila kiatu pale mlangoni: viatu vya Ghati vya kazini, viatu vyangu, na vya Anitha vyenye taa kisiginoni. Ni ile chumvi ambayo malori huimwaga barabarani theluji ikikaribia hapa Laurel, Maryland. Magari huisaga, jua la Januari huikausha, nasi huileta nyumbani kwa nyayo. Chumvi bila maji. Bahari iliyokufa kwa baridi, ndivyo nilivyozoea kuiita.

Nakusemesha wewe, mji wa ziwa, uliye mbali upande wa baridi. Jina lako ni Milwaukee, ila kinywa changu kilikataa tangu siku ya kwanza. Mimi nakuita Miluwoki, na hukuwahi kunikosoa. Shule nimeisoma vipande vipande: darasa la tatu Sirari, la tano Musoma, la tano tena Kisumu, kisha miguu ikachukua nafasi ya madaftari. Nimelala katika miji mingi, nimeamka katika mingine. Yote niliiaga. Wewe peke yako nilikukimbia.

Wiki iliyopita barua iliingia. Wenye jengo wanasema kuanzia Aprili pango linapanda, tuwajibu kabla Januari haijaisha, tunabaki au tunatoka. Pango. Kwetu kodi ya nyumba ni pango, na shimo anamolala mnyama mwituni ni pango, neno ni hilohilo, na sijawahi kulielewa vizuri kama wiki hii. Ghati aliisoma barua amesimama, koti bado mwilini.

Ghati ni binti wa marehemu kaka yangu, ananiita baba mdogo. Kazi yake ni kutunza wazee majumbani mwao: wa asubuhi yuko hapahapa Laurel, wa jioni yuko Falls Church, na katikati yao ipo Beltway, barabara ya mduara, inayomzungusha mpaka anasahau alikuwa anakwenda au anarudi. Na hapa joto lina bili yake. Tunaliwasha kama mtu anavyopaka manukato, kidogo tu, nyuma ya sikio. Tunavaa sweta ndani. Anitha, binti yake, ana miaka sita, anachora akiwa na glovu.

Joto limo. Mimi ndiye niliyelileta neno hilo nyumbani.

Nilikuwa nikimpokea Anitha kwenye basi la shule, nikimkorogea uji, nikimsimulia habari zako. Nilimwambia, uko mji ambao ukipanga chumba wanakuandikia kabisa kwenye tangazo: joto limo. Hulipii. Linapanda lenyewe kutoka chini ya jengo, linapita kwenye bomba, linaingia katika zile mbavu za chuma chini ya dirisha, na mbavu zinapumua. Nilimsimulia ziwa lako lisilo na ng'ambo, kama ziwa letu la Nyanza, linavyofuka moshi asubuhi za baridi kali, ziwa zima, kama sufuria ya mtu aliyealika kijiji. Nilimsimulia theluji inavyoshuka bila kugusa chochote, kama inaogopa kuamsha watu. Mtoto alifumba macho. Mama yake, aliyekuwa anavua viatu mlangoni, naye alifumba macho.

Hivyo ndivyo ndoto ilivyotoka kwenye uji ikaingia kwenye simu. Chebet ni muuguzi, Mkenya, aliyewahi kuchangia chumba na Ghati siku zao za mwanzo Columbia Heights. Sasa yuko kwako, mji wa ziwa. Alituma picha: vyumba viwili, sakafu ya mbao, mbavu za chuma chini ya dirisha, na chini ya picha maneno yaleyale. Kwa pango la hapa, alisema, huko unapanga na bado unakula nyama. Akacheka, simu ikiwa wazi mezani: nyinyi watu wa Maryland mnalipia mpaka hewa. Kazi ziko, wazee wako, kuja tu. Na huyo mzee aje, tutamtafutia bibi.

Kwao bibi ni mke. Anitha, ambaye kwake bibi ni mama wa mama, aliuliza kwa Kiingereza chake kama babu alimpoteza bibi yake huko. Walicheka wote wawili, wa hapa na wa kwenye simu. Mimi nilijibu kwamba nilipoteza kitu kingine, na hakuna aliyesikia, maana nililisema ndani ya kikombe.

Joto limo. Nilisema hivyo mara nyingi mno. Mengine sikuyasema.

Sikumsema Wayne. Wewe unamkumbuka. Chumba changu kilikuwa ghorofa ya tatu, chake ghorofa ya pili, chini yangu kabisa. Mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu, mjane, hana haraka. Kiingereza changu kilikuwa kifupi na magoti yake yalikuwa mabovu, kwa hiyo hatukutembeleana. Tulikuwa na bomba. Jioni nikirudi kutoka kufua mashuka ya hospitali, naligonga bomba kwa kijiko mara mbili: nimefika. Chini naye anagonga mara mbili: nimesikia. Vipupwe vitano, ti-ti, ti-ti. Hiyo ndiyo ilikuwa sala yangu na gazeti langu. Nilikuwa nalala nikijua kwamba chini ya usingizi wangu upo usingizi mwingine, unaubeba.

Kipupwe cha sita, mwezi wa pili, ulikuja ule ubaridi wako wa kupasua mawe. Niligonga, hakugonga. Nikasema amelala. Kesho yake nikagonga. Nikasema ameenda kwa binti yake. Siku ya tatu sikugonga, nilikuwa nimechoka. Siku ya nne mleta barua ndiye aliyeita watu, kwa sababu sanduku lake la barua lilikuwa limejaa, halipokei tena. Kutoka mlango wangu hadi mlango wake zilikuwa ngazi kumi na nne. Nilizihesabu baadaye, nikishuka na sanduku langu.

Waliomkuta amekufa walisema chumba kilikuwa na joto zuri. Kweli. Joto lilikuwamo.

Nikapanda basi mwezi wa tatu, theluji yako bado chafu kandokando ya njia. Kila aliyeniuliza nilimwambia ni miguu yangu, haijui kutulia. Watu hupenda jibu hilo. Nimelitumia miaka kumi na miwili.

Basi Jumamosi hii Ghati amekaa mezani, simu mkononi, fomu imeshajazwa. Chebet amesema saa sita mchana isipite, kuna wengine wanavitaka vyumba hivyo. Kidole gumba cha Ghati kiko juu ya kioo kama ndege anayechagua tawi. Anitha yuko sakafuni mlangoni, anawasha taa za viatu vyake kwa kuvigonga chini. Jua limeingia dirishani, limefika mpaka kwenye chumvi, na chumvi inametameta kana kwamba haijafanya lolote.

Nikamwambia. Nilimwambia yote nikiangalia viatu, si uso wake. Kijiko, bomba, siku nne, ngazi kumi na nne. Nilimwambia joto linaweza kuwamo na nyumba ikawa tupu. Nilimwambia pia lile nililokuwa nimelificha chini ya mto: kwamba mimi sikuwa naenda. Nimeshaongea na Gervas wa kanisani, ana kitanda cha ziada kule chini ya nyumba yake, nikae hapo nimalizie siku zangu. Yeye aende akitaka. Asiende akitaka. Ila asiende kwa hadithi zangu.

Ghati aliinua kidole kutoka kwenye kioo.

"Kwa hiyo baba mdogo," alisema, "siku zote hizi unaupigia debe mji uliokushinda."

Nikasema ndiyo.

"Na ungetuacha twende wenyewe."

Aliiweka simu mezani, akaisukuma mbali kidogo, akaanza kusugua doa ambalo halikuwepo. Mikono yake imepasuka kwa sabuni za nyumba za watu. Nilidhani analia, kumbe anafikiri, na akifikiri huwa anafanana na kaka yangu, kidevu mbele, kama mtu anayesikiliza ng'ombe wake kwa mbali.

"Mimi kazi yangu ndiyo hiyo," alisema. "Nagonga milango ya wazee kila siku. Asipojibu, sirudi nyumbani kusema amelala. Nina ufunguo. Naingia."

Aliyasema polepole, bila kunipiga nayo. Hata hivyo yalinifika. Nikaona ngazi zile, mji wa ziwa, nikaziona zikishuka moja moja ndani ya mwanga wako wa kijivu, na mwishoni mwake mlango, na mbele ya mlango mwanamke wa Kikurya mwenye koti la duka la mitumba, ameinua mkono agonge.

Ndipo Anitha alipotuangalia kutoka sakafuni. Mtoto huyu husikia Kiswahili chote na hujibu kwa Kiingereza, ndivyo walivyo watoto wa hapa. Safari hii alilitafuta neno letu, akalishika kwa mikono miwili.

"Babu limo?"

Mama yake alicheka, machozi yakampata akiwa bado anacheka. "Babu yumo, mama. Joto ndilo limo. Mtu ni yumo."

Anitha hakukubali. Kwake neno lilikuwa moja tu, tangu siku za uji, na maana yake ni kile kisicholipiwa, kile unachokikuta kimeshakuja na nyumba.

"Babu limo," alisema tena, "au tunalipa?"

Ghati alitaka kumsahihisha mara ya pili. Nikainua mkono amwache. Na hapo nikakusikia, mji wa ziwa: mbavu zako za chuma zikipumua, ziwa lako likifuka, na chini kabisa, mbali, kitu kigumu kikigonga kitu kigumu, mara mbili. Hakikuwa kinanidai. Kilikuwa kinauliza tu.

"Limo," nikasema.

Ghati aliivuta simu. Kidole kikatua.

Mchana nilimpigia Gervas kumwambia kitanda akipe mtu mwingine, naye akanitania kwamba alijua, kwa sababu hajawahi kuniona nikimaliza hata kahawa mahali pamoja. Kisha tulishuka wote watatu. Ghati alikuwa anawahi mzee wake wa Falls Church, na gari lilikuwa jeupe pembe zote, chumvi tupu, kama kitu kilichochimbuliwa. Wakati mama yake akikwangua barafu kwenye kioo, Anitha alivua glovu moja, akaandika mlangoni kwa kidole. Herufi nne kubwa, ya mwisho duara karibu sawa na kichwa chake.

LIMO.

Na ndani ya herufi palikuwa pekundu. Nilikuwa nimesahau kwamba gari letu ni jekundu. Jua liliingia humo, likawaka.

Waliingia, wakafunga mlango. Nikainama, nikagonga ule wekundu kwa kifundo cha kidole, mara mbili, na chumvi ikadondoka kama unga kwenye viatu vyangu. Ndani, mkono mdogo ukagonga kioo.