Beji ya Valerian

Simu ya maandishi ilimfikia Koplo Valerian akiwa amebakiza wiki mbili aende kozi ya ukufunzi wa makomando. "Kaka yako amefukiwa na kifusi machimboni Bulyanhulu. Njoo." Aliisoma, akaketi pale pale kwenye mchanga wa uwanja wa gwaride.

Kwa kweli yeye hakuwa Valerian. Aliitwa Pantaleo. Mwaka 1974, alipotaka kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, alikuwa ameishia darasa la nne, basi baba yao akamtwalia cheti cha darasa la saba cha kaka yake. Kaka hakuteta, yeye alitaka dhahabu, si bunduki. Kwa jina hilo Pantaleo alitoka ukuruta akaingia jeshini, akapata ukoplo, akaruka kwa mwamvuli, akatembea porini siku sita kwa maji ya madimbwi, akavishwa beji ya komando kifuani. Sasa mwenye jina alikuwa chini ya udongo.

Kambini alisema aliyefukiwa ni nduguye Pantaleo. Wakampa ruhusa, na kwa desturi wakampa mtu wa kumsindikiza msibani: Sajini Eustace, aliyemfundisha kuruka. Garimoshi mpaka Isaka, kisha lori la pamba mpaka kwao Ushirombo, njia nzima Sajini akimfariji, naye akiwaza ni midomo mingapi italia jina la Valerian.

Walikuta mwili umeshatolewa shimoni na kuoshwa. Sajini akapewa kiti uani kwa wanaume. Pantaleo akamvuta baba yake, Mzee Marselino, hadi chumba alimokaa Febronia, mjane wa marehemu.

"Shikamoo, baba. Msalaba umeandikwa?"

"Marahaba. Bado."

"Uandikwe Pantaleo. Na katekista asome Pantaleo. Wakijua, nimekwisha. Ni jela, baba."

Mzee aliinamisha kichwa. Aliyejibu ni Febronia, sauti imemkauka kwa kilio.

"Shemeji, miaka minane umelivaa jina lake, hatukusema kitu. Leo unataka na kaburi lake? Wanangu nitawaambia baba yao kalala wapi?"

"Nitawatunza, shemeji. Nakupigia magoti." Na kweli akapiga magoti, na buti zake zile.

Febronia akageukia ukuta. Mzee akatoka kwenda kumnong'oneza katekista na jamaa wa karibu. Mama hakuambiwa, nani angethubutu?

Kaburini, katekista alipotamka "ndugu yetu Pantaleo," mama aliinua kichwa kama aliyepigwa kofi.

"Mnamzika mwanangu kwa jina la nani? Valerian! Valerian wangu!"

Sajini, mtu wa huruma, akamshika mkono, akamwongoza hadi mbele ya Pantaleo, akauweka ule mkono juu ya beji. "Mama, Valerian huyu hapa. Mzima."

"Huyu ni Pantaleo," mama akasema. "Nimewazaa mimi."

Watu wakatazama chini. Mzee Marselino akadakia, "Afande, msamehe. Msiba umemrusha akili. Ana wazimu."

Mama alimkazia macho mwanawe, akingoja. Pantaleo akaona wazi: akinyamaza kidogo tu, mama yake ataitwa mwendawazimu kijijini pale mpaka afe.

"Mama hana wazimu, Afande. Aliyelala humo ndiye Valerian. Mimi ni Pantaleo. Cheti kilikuwa chake." Akaanza kuifungua beji.

"Iache," Sajini akasema bila kumtazama. "Zika kaka yako kwanza. Kesho tunaondoka."

Alifungwa mwaka mmoja, akafukuzwa jeshi. Aliporudi Ushirombo, baba yake hakumsemesha. Febronia alikuwa amerudi kwao Ushetu na watoto wake. Pantaleo alizunguka kuomba kazi, ghalani, kiwandani, hata ya ulinzi. Kila mahali walitaka cheti, au walishasikia habari zake.

Mwezi wa pili tangu arudi, akafunga ugali na chumvi kwenye kitambaa. Mama akamshika shati kwa mikono miwili.

"Huko usiende. Mwanangu, huko usiende."

"Mayu, mama yangu, nile wapi?"

Akaibandua mikono ya mama, kidole kimoja kimoja, akashika njia ya Bulyanhulu. Jioni ile ile mmoja wa wenye mashimo ya dhahabu, aliyekuwa amepungukiwa mtu, alimfunga kamba kiunoni bila hata kumuuliza jina, akamteremsha.