Misumari ya Baba

Mshale wa geji ya presha ulikuwa unashuka, na moyo wangu nyuma yake.

Mabomba ya kupasha joto yalizunguka sakafu nzima ya chumba cha Mama, yamejaa maji ya presha, yakisubiri kufunikwa kwa mchanga na saruji. Sisi mafundi bomba maji hayo hatuyatoi wakati wa kumwaga sakafu. Bomba likitoboka, geji inakwambia palepale, kabla saruji haijakauka. Sasa ilikuwa inaniambia.

"Nani amepita humu?" nilifoka.

Fundi sakafu akainua mikono. "Usinitazame mimi! Nimepita juu ya mbao zako, tena kwa adabu."

Mbao hizo nilizitandaza mwenyewe, toroli lisije likaponda mabomba. Nikavuta mmoja. Haukusogea. Ulikuwa umepigiliwa misumari mirefu, kazi safi kabisa. Nani tena kama si Baba! Seremala wa miaka nenda miaka rudi, hawezi kuona ubao umelala hivihivi roho yake ikatulia.

"Zilikuwa zinachezacheza," Baba alisema kutoka mlangoni, nyundo mkononi. "Nikaogopa utateleza, mwanangu."

Loo! Maneno yalinijaa mdomoni, yote ya moto. Lakini macho yake yalikuwa yameganda kwenye maji yaliyochuruzika chini ya ubao. Kesho fundi sakafu angehamia kazi nyingine mpaka kipupwe kiishe. Tusipomwaga leo, Mama angeumaliza msimu mwingine wa baridi akilia na miguu yake. Baba alilijua hilo kunishinda; ndiye anayeamka kumkanda. Nikayameza maneno yangu.

"Kitobo tu hicho," fundi sakafu akasema. "Saruji itakiziba."

"Labda tukuzike wewe humo, ukizibe kwa kidole! Bomba la chini ya sakafu haliungwi katikati. Baba, ng'oa misumari. Tunatandaza jipya."

Akaing'oa taratibu, kisha akapiga magoti kando yangu. Yeye anashikilia bomba, mimi nabana, na fundi sakafu ananung'unika huku akitukunjulia bomba jipya. Geji ilipotulia, Baba alipiga kigelegele, mwanamume mzima! Saruji ikamwagwa siku hiyohiyo.

Wiki kadhaa baadaye, sakafu ilipokauka sawasawa, tuliwasha joto kidogokidogo. Mama akaweka unyayo mmoja chini, akaweka wa pili. Kisha akajilaza chali sakafuni, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Nimemchongea vitanda vitatu huyu," Baba akaninong'oneza, akijitia kununa. "Hata kimoja hajawahi kukichekea hivyo."

"Acha maneno, njoo," Mama akamwambia, akijisogeza kumpa nafasi.

Baba akavua viatu. Nami nikatoka, nikaurudisha mlango polepole.