Siku Sombe Haikuiva mu Simu

Huku mutaa ya Bungulu banasema: simu yenye kuchelewa kujaza application mupya, adui iko anaisikiliza. Nani alianza kuisema, sijue. Lakini mu kichwa changu haikutoka. Vita ilikuwa imezunguka Beni yote, na kila nikiona kale kaduara kanazunguka mu kioo, ninaifunika simu na kitambaa.

Simu ile njo ilikuwa inachunga mutoto wangu. Jokébed alikuwa analima kakao ngambo ya mutoni. Magaribi, mbele ya kurudi, anangoja neno yangu mu simu. "Sombe imeiva": njia ni muzuri, kuja. "Sombe mbichi": bakia kulekule. Tulichagua vile juu mutu akikamata simu, sombe, mboga tu ya majani ya muhogo, haina kesi.

Nikaenda kwa Muyisa, mwenye kuchaji simu karibu ya kanisa.

"Muyisa, mutoto yangu, hii simu inatembea sawa konokono."

"Mama Jokébed, toa application za zamani zote. Mi nitakutumia mupya kwa Bluetooth, zote mara moja. Itakimbia kuliko baba Jokébed akisikia harufu ya pombe ya kasiksi!"

Nikacheka, nikatoa zote. Akatuma, nikarudi nyumbani zikiwa zingali zinajipanga mu simu.

Sijaweka hata maji kwa moto, masasi ya bunduki ikalia upande wa mutoni. Mimi na mama mukwe tukafunga mulango, tukasukuma meza pale. Nikakamata simu: "Installation en cours," maana ingali inajaza. Kaduara. Nikafinya, haijibu. Kuita, hapana. Kuzima, hapana. Ilikuwa imefungwa sawa mimi.

"Nipe sufuria," nikamwambia mama mukwe, Kahongya. Huku kwetu adui akionekana tunapiga sufuria, jirani anapokea, mpaka mwisho wa quartier.

"Wee, uko na wazimu? Batajua mu nyumba hii muko batu!"

"Na Jokébed, mama?"

"Si hajapata neno? Atabakia."

Njo pale nikaona kosa yetu. Tulipanga neno ya kuja, tulipanga neno ya kubakia. Ya kunyamaza hatukupanga. Na mara ngapi mégas za internet za kutuma neno ziliniishia, mutoto akajikujia tu!

Nikapiga. Inje, kimya. Nikapiga tena. Kahongya akaniangalia, akatwaa kifuniko, akapiga naye huku analia. Kisha Rachida, jirani wetu. Kisha nyumba ingine, na ingine, sauti ikashuka kwa mutoni sawa mvua juu ya manjanja ya paa.

Hakuna mwenye alifungua mulango mpaka asubui. Jokébed akaingia, matope mpaka magoti.

"Nilikuwa nimeshafika kwa daraja, mama. Nikasikia masufuria, nikarudi mu kakao."

"Juu ya nini ulitoka bila neno?"

"Nilizania mégas zimeisha, sawa kawaida yako."

Simu ilikuwa juu ya meza, imemaliza kujaza. Ilikuwa inakimbia kweli.

Donc, bamama, muepuke hivi:

Kutoa application ya zamani mbele ya kuona mupya inafanya kazi.

Kujaza zote mara moja. Jaza moja, ngoja, kisha ingine.

Kujaza application wakati mutoto iko njiani, hata kama ni ya dakika mbili tu.

Kuharakisha simu juu ya mambo ya kusikia kwa batu.

Kupanga maneno na batoto bila kupanga kimya. Kimya ikuwe: bakia.

Kuweka sufuria mbali na mukono.