Dakika Tisa na Magodoro Saba

Kwa miaka thelathini na minane Kingori alipiga gita, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyemwacha amalize. Alipiga katika hoteli za Nanyuki watalii wakitafuna nyama, akapiga katika baa za Kenol na Kagio, akapiga nyuma ya waimbaji ambao picha zao zimebandikwa kwenye kuta za watu, ilhali yake hata kwenye kitambulisho haionekani vizuri. Moyo wake ulikuwa kwenye jazi. Lakini kila alipoingia studio, solo yake ikifika sekunde ya ishirini, produsa wake Kinuthia aliinua kidole: "Kata hapo, mzee. Watu wanataka maneno." Kingori alikata. Mwenye studio ndiye mwenye mkasi.

Mwaka huu alipotimiza sitini na sita, aliapa. Angerekodi albamu yake mwenyewe, nyumbani kwake Ruring'u, bila produsa wala bosi, na ndani yake kingekuwamo kipande cha dakika tisa, gita tupu, bila neno hata moja. Binti yake Nduta, ambaye hurekodi mahubiri ya kanisani kwao, alikuja na kompyuta na maikrofoni. Akapiga kofi moja katikati ya chumba, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Hii room inalia kama tanki, Dad. Tunahitaji magodoro kwa ukuta."

Hapo ndipo uhuru ulipoingia doa. Nyumba ilikuwa na magodoro mawili, la wageni na la kwao. Mengine matano yakaombwa kwa majirani. Na jirani akikupa godoro mwezi wa Julai, baridi ya Nyeri ikiuma mpaka kwenye meno, usidhani amekuazima kitu. Amenunua hisa.

Wa kwanza kudai alikuwa Simeon fundi viatu, mwenye godoro la sita kwa sita. "Sasa Kingori, jina yangu inakuja kwa verse ya ngapi?"

"Hakuna verse, Simeon. Ni gita tu."

"Ati gita tu? Si basi unitaje kidogo hapo katikati. Simeon wa Ruring'u, nakuona!"

Huku kwetu wimbo usiotaja watu ni kama harusi isiyo na kamati. Watu hushuku kuna jambo linafichwa. Tabby wa nyumba ya pili alitaka atajwe yeye, kikundi chake cha akina mama, na mjukuu wake aliye Kangari. Kingori aliwakatalia wote. Alikuwa ameukimbia mkasi mmoja, na sasa alikuwa na mikasi mitano mlangoni. Tabby akamjulisha kwamba ana wageni Ijumaa, na ikifika saa kumi jioni godoro lake litatoka ukutani, wimbo uwe umeisha au haujaisha. Wale wengine wakaona hilo ni wazo la busara.

Ambaye hakudai chochote ni Wakiuru, mkewe. Usiku kumi na moja alilala juu ya magunia yaliyotandazwa kwenye mbao za kitanda, akigeuka huku na huku. Kingori alilala fofofo. Aliyezoea kulala kwenye viti vya baa hasumbuliwi na mbao. Hakuona hata kidogo jinsi macho ya mkewe yalivyovimba, na hiyo ni aibu yake.

Siku hizo zote hawakupata kitu. Mara ng'ombe alilia, mara mvua ilipiga bati, mara vidole vyake vilifika sekunde ya ishirini vikasimama vyenyewe, kama punda aliyezoea kushushwa mzigo mahali pale pale.

Ijumaa, saa tisa na nusu, Wakiuru alileta chai akaketi kimya kwenye kona, mgongo wake kwenye godoro la Simeon. Kingori alifumba macho akaanza. Sekunde ya ishirini ikafika, ikapita, na vidole havikusimama. Vilikwenda mahali alipokuwa akitaka kwenda tangu ujana wake, vikazunguka huko, vikarudi kwa njia nyingine. Alipoachia uzi wa mwisho, dakika zilikuwa tisa kamili na Nduta alikuwa amesahau kufunga mdomo.

Wakasikiliza walichorekodi. Dakika ya sita, chini ya gita, ikaingia sauti nzito, taratibu, ikipanda na kushuka. Wakageuka kwa pamoja. Wakiuru alikuwa amelala, shavu kwenye godoro, kikombe mapajani, anakoroma.

Nje, Tabby na Simeon walikuwa wameshafika kwenye lango.

"Hakuna time ya kurudia," Nduta alisema. "Lakini dakika tano za kwanza ziko safi kabisa. Tukate hapo."

Wakiuru aliamka, akajisikia mwenyewe kwenye spika, akajifunika uso kwa kitambaa. "Woi, nimekuharibia! Kata, Baba Nduta, kabla watu wasikie."

"Kwani umelalaje na mimi napiga gita hapa kwa masikio yako?"

"Hiyo miaka yote ukipiga Nanyuki, mimi sikuwa nalala mpaka nisikie gate imefunguka. Leo nimekusikia, na uko ndani ya nyumba. Mwili ikajiachilia tu."

Miaka thelathini na minane Kingori alikuwa akidhani hakuna mtu duniani aliyengoja afike mwisho wa wimbo.

"Haikatwi," alisema.

"Dad, watu watasema ni makosa."

"Watasema. Kwani mwenye studio ni nani?"

Majirani waliingia wakabandua mali yao. Simeon, godoro kichwani, alisimama akatega sikio kwenye spika, akauliza huyo ni nani. Nduta akamwambia.

"Wacha nielewe," Simeon alisema. "Mimi nimelala kwa mbao siku kumi na moja, sijatajwa. Mama Nduta amelala kwa godoro yangu dakika tatu, na ako kwa record?"

Kingori alikuwa ameshika upande mmoja wa godoro lao, Wakiuru upande wa pili, wakilirudisha kitandani.