Helikopta Ndani ya Chupa ya Mapichi

MaDiya aliinua tawi la bangi hadi sikioni, akakikunja kikonyo chake kwa vidole viwili. Kikonyo kilipinda bila kulia. Akalirudisha tawi kwenye kamba, kichwa chini miguu juu kama wenzake, akaangalia kama kitambaa cheusi cha dirishani bado kimeziba vizuri.

"Bado," alisema.

"Jana bado, juzi bado," alisema Gcinikhaya aliyekuwa amesimama mlangoni. "MaDiya, mwaka huu tutavuta nyasi za paa."

"Vuta, Bhuti. Ukimaliza utaezeka upya."

Gcinikhaya, ambaye MaDiya humwita Bhuti, yaani kaka, alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, mtu mwenye mvi zake, ambaye mpaka leo hulala na viatu miguuni, kamba zimefungwa. Hakuna aliyemcheka. Katika bonde lile la Mpondoland nusu ya wanaume hulala hivyo.

Bonde lile halikuwa limekausha bangi inavyotakiwa tangu MaDiya alipokuwa bibi harusi. Watu walijua namna. Mama mkwe wake alikuwa akiitundika gizani mpaka vikonyo vinalia, kisha anaifungia kwenye vyungu na kuvifungua kila asubuhi viheme, mpaka harufu ya majani mabichi inaondoka na inabaki ile nyingine, tamu, ambayo ilikuwa ikiwafikisha wageni mlangoni bila kuuliza njia. Halafu ikaja helikopta ya serikali. Ilikuja kila mwaka, mimea ikikaribia kukomaa, ikamwaga sumu juu ya bangi. Na kwa kuwa waliomo ndani hawakuona sababu ya kubagua, ilimwaga pia juu ya mahindi, maboga, viazi vitamu na mtoto aliyetumwa maji. Hakuna aliyerudi kuuliza viazi vile vilionjaje. Waliokuwa wamekaa ndani yake wamestaafu, wana bustani za waridi, na wanalala bila viatu.

Ndipo bonde likajifunza kuvuna mapema, ikiwa bado mbichi, kuikausha mbio mbio juu ya mabati ya moto, kuishindilia kwenye mifuko ya mbolea na kuificha mapangoni. Ilioza humo. Ilitoka inanuka mkojo wa ng'ombe, na mjini wakasema watu wa bonde lile hawajui kazi.

Sasa sheria imebadilika. Mtu anaruhusiwa kuipanda kwake, kuikausha kwake, kuitunza kwake. Kuuza ni kwa mwenye kibali, na kibali cha wilaya nzima kilikuwa kinanyemelewa na kampuni yenye mabanda ya plastiki kule mlimani. Mkaguzi alikuwa ameahidi kuja kabla mipichi haijachanua, anuse bangi ya bonde na kuamua kama watu hawa wanaweza kuhesabiwa wakulima. Kikao kilikaa, na kikao kikamchagua MaDiya. Nyumba yake ya msonge ina kuta nene za udongo, na mbegu zake ni zile za mama mkwe, za miche iliyomwagiwa sumu ikakataa kufa. Akiharibu yeye, wameharibu wote.

Asubuhi moja ya ukungu kikonyo kililia sikioni mwake, kavu, kama kijiti cha kiberiti. MaDiya aliteremsha matawi, akachambua majani, akavitia vichwa vya bangi kwenye chupa zake kubwa za kuhifadhia mapichi. Hakushindilia. Alijaza hadi mabegani, akaacha nafasi ya hewa, akafunga vifuniko na kuzipanga pembeni kwenye giza.

Kesho yake alifungua ya kwanza, na helikopta ikatoka.

Haikuwa na chuma. Ilikuwa mlio tu na upepo wake. Ilizunguka mara moja chini ya paa, ikaangusha masizi kwenye sufuria ya makande, ikapita mlangoni na kuwatawanya kuku. MaDiya hakushangaa. Kitu kilichokauka hubaki na sauti kilizosikia. Hata maharage ya mwaka wa msiba huchemka kwa sauti yake. Lakini miguu yake haikungoja maelezo. Alipopata fahamu alikuwa tayari amefunga kifuniko kwa nguvu zake zote na yuko msituni, magotini, anaisukuma chupa chini ya jiwe.

Bonde zima lilikuwa mbioni. Jirani yake MaGcwanini alikuwa amefunika maboga kwa mablanketi ya kitandani. Gcinikhaya alionekana mbali, juu ya ngema, ukingoni mwa genge, akiwa na mfuko mgongoni.

Walirudi mmoja mmoja, wakipangusa magoti.

"Mfuko una nini, Bhuti?" aliuliza MaDiya.

Gcinikhaya alichungulia ndani. "Viatu vya watoto," alisema. "Ndivyo vilivyokuwa karibu."

"Basi vimepona," alisema MaGcwanini. "Maboga yangu nayo yamelala vizuri, asanteni."

Walicheka mpaka MaGcwanini akakaa chini. Kesho yake chupa nyingine ilifunguliwa, na helikopta ikatoka, na wote wakakimbia tena. Kukimbia hakuondoki kwa kucheka.

Chupa ya msituni MaDiya aliikumbuka baadaye. Aliichimbua, akafungua, akageuza uso. Bangi ilikuwa nyeusi, imeota kuvu nyeupe kama ndevu, na harufu ya mkojo ilimchoma macho. Helikopta ilikuwa bado imo, nzima, imenona. Alikaa kwenye majani makavu akiitazama. Hivi ndivyo watu wa bonde walivyoharibu mavuno yote ya miaka ile. Walisikia mlio, wakafunga, wakaficha, na kilichofungiwa kikala kila kitu kutoka ndani.

Jioni alimwita shemeji yake na MaGcwanini, akawamiminia togwa.

"Kesho nitafungua zote," alisema. "Na sitakimbia."

"MaDiya!" alisema Gcinikhaya. "Funga hizo chupa. Dawa ya hicho kitu ni kukifungia."

"Kukifungia ndiko kunakokilisha. Mama alikuwa akifungua kila siku. Unyevu utoke, na hiki nacho kitoke."

"Mama hakuwa na helikopta chunguni."

"Ndiyo maana bangi yake ilikauka upesi. Yetu itachelewa."

MaGcwanini alipangusa midomo. "Mimi nitakuja kukaa nawe. Ila nikikimbia usinifuate, nitakuwa nakwenda chooni."

Kulikuwa na jambo ambalo MaDiya hakulisema. Chupa ya mwisho, iliyokuwa ukutani kabisa, ilikuwa na bangi ya mti mmoja tu, ulioota wenyewe kando ya njia ya ngema. Kwenye njia ile mumewe Dumalisile alikuwa amekimbia na mfuko mgongoni, helikopta ikimfuata kwa chini hadi nyasi zikalala, na mwisho wa njia hakupunguza mwendo. Waliomzika walikuta mfuko bado umefungwa. Waliokuwa angani waliandika kwamba mtu huyo alianguka mwenyewe.

MaDiya alijua chupa ile itatoa nini. Akiifungua, mumewe atakimbia, na siku moja atafika mwisho wa njia. Asipoifungua itaoza, na zitapotea mbegu za mti pekee ulioota pale.

Walikaa asubuhi, yeye na MaGcwanini, mgongo ukutani, wakishikana mikono kama wasichana wanaovuka mto. Chupa zikafunguliwa. Helikopta zilitoka zikagongana chini ya paa, zikawavua vilemba, zikatoka mlangoni. MaGcwanini alienda chooni. Akarudi. MaDiya aliiacha bangi iheme kwa muda wa kunywa chai taratibu, kisha akafunga. Ya mwisho aliigusa kifuniko tu.

Siku zilivyopita helikopta zilianza kupungua. Kwanza zilishindwa kuangusha masizi. Halafu zilishindwa kutawanya kuku, na jogoo mmoja akaanza kuzifukuza. Harufu ya nyasi mbichi ilikuwa inaondoka nazo. Siku moja Gcinikhaya aliingia wakati chupa ziko wazi, akageuza ndoo na kuikalia. Mguu wake mmoja ulikuwa nje ya mlango, lakini alikaa.

"Ile pale mbona huifungui?" aliuliza.

MaDiya alipangusa vumbi kwenye kifuniko chake.

"Ni ya njia ya ngema," alisema Gcinikhaya polepole.

"Ndiyo."

"Mimi nilikuwa mbele yake siku ile. Nilimsikia tu." Alizivuta kamba za viatu vyake, akazilegeza kidogo. "Nitaingiza na mguu huu. Fungua, MaDiya."

Alifungua. Helikopta ikatoka na sauti yote ya siku ile, na chini ya mlio wake hatua za mtu mzima anayekimbia, pumzi zake, mfuko ukigonga mgongoni. Zilizunguka nyumba ndani kwa ndani. MaDiya alizijua, mguu wa kushoto ulikuwa ukiburuza kidogo. Kabla hazijafika mbali alifunga. Kesho yake aliziacha zikimbie zaidi. Kila asubuhi helikopta ilikuwa hafifu kuliko jana, na kila asubuhi Dumalisile alikimbia polepole kuliko jana, kama mtu anayeanza kuwa na shaka kama kweli anafukuzwa.

Mkaguzi alikuja mipichi ikiwa na vitumba. Jina lake lilikuwa Mvunelwa, kijana wa mjini mwenye adabu, na aliinamisha kichwa mlangoni inavyotakiwa. MaDiya alimpa chupa ya kwanza. Alifungua, akanusa, akafumba macho. Helikopta iliyotoka ilikuwa imebaki kama nyuki. Ilitua kwenye kola ya shati lake.

"Hii ni nini, Mama?"

"Helikopta yenu."

"Ya mwaka gani?"

"Ya miaka yote."

Aliipeperusha kwa kidole, akanusa tena. Alivunja kichwa kimoja, akakitazama kwenye mwanga, akakisugua. "Sijawahi kukutana na bangi iliyotunzwa hivi," alisema. "Mahali popote. Hii ingenifikisha hapa hata bila dereva."

MaGcwanini alipiga kigelegele.

"Ngoja, Mama," alisema Mvunelwa, na akasimama kwenye uwanja akitazama huku na huku. "Uzio uko wapi?"

"Uzio wa nini?" aliuliza Gcinikhaya.

"Wa kuzuia wezi. Uzio wa umeme, kamera, na chumba chenye vigae. Bila hivyo kibali hakitoki, hata bangi iwe nzuri vipi."

"Mwanangu," alisema MaGcwanini, "wezi wetu walikuwa wanakuja kwa juu."

Mvunelwa alitazama juu. Palikuwa na wingu moja. Alisema anasikitika, na alionekana anasikitika kweli, lakini masikitiko yake hayakuwa na muhuri. Kibali kingekwenda kwa wenye uzio. Kisha akashusha sauti na kuuliza kama anaweza kununua kidogo ya kwake.

"Kuuza ni kosa," alisema MaDiya. "Kaa unywe chai."

Alikunywa, akaondoka, na kabla ya mwisho wa juma malori ya kampuni yalipita yakipandisha plastiki mpya mlimani. Wanaume waliozishusha walikuwa wa bonde hilo hilo, wamevaa nguo za kazi zenye jina la mtu mwingine kifuani. Sumu ya zamani haikutajwa na yeyote. Kaburi la Dumalisile halikuletewa hata barua.

Lakini mchana wa siku aliyoondoka Mvunelwa, MaGcwanini alikuwa ameshafika na chupa yake ya mayonezi, imeoshwa vizuri.

"Nipe mbegu za mama mkwe wako," alisema. "Na unionyeshe kikonyo kinavyolia. Hawajakataza kujua."

Baada yake walikuja wengine na chupa za asali na vyungu vilivyokuwa vinatumika kufugia vifaranga. MaDiya aliwapa mbegu wote. Aliwaambia mwaka ujao wasivune mapema, wasitumie mabati, wafungue kila asubuhi na wakae. Aliyeshindwa kukaa peke yake amwite jirani. Wakakubaliana kufungua kwa pamoja, jua likigusa kilima cha ng'ambo, ili helikopta zote zitoke siku moja na zichoke pamoja. Walilipanga hilo kama wanavyopanga zamu za kulima, nani ataanza na nani ataleta chai.

Walipoondoka, MaDiya aliingia ndani na kuiteremsha chupa ya mwisho. Gcinikhaya alikuwa ameshaikalia ndoo yake, miguu yote miwili ndani. Viatu alikuwa ameviacha nje.

MaDiya alifungua. Ilitoka harufu ile tamu, ikajaa nyumba mpaka kwenye nyasi za paa. Helikopta haikuwamo. Zilitoka hatua tu, zinatembea, mguu wa kushoto ukiburuza kidogo. Zilipita njia yote ya ngema bila haraka, zikafika mwisho wake. MaDiya alishika kifuniko, asifunge. Hatua zikasimama. Kilisikika kishindo cha mfuko ukiwekwa chini, na mtu akikaa juu ya jiwe na kupumua kama wanavyopumua watu waliotoka kazini.

"Mama Lindeka," ilisema sauti kutoka kwenye chupa. Lindeka ni binti yao. "Imekauka?"

MaDiya alichukua kikonyo kimoja, akakivunja karibu na mdomo wa chupa ili naye asikie.

"Tayari," alisema.